Nani apige kura kati ya wachungaji? Njia nne, na mahali kila moja inakwama

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, kuna makanisa kadhaa yanarudilia katiba na sheria za ndani, zingine juu zimekua haraka, zingine juu ya migawanyiko, na kamati nyingi zinakwama kwenye swali moja: siku ya mkutano mkuu, ni mchungaji gani ana kura? Siongelei waumini kwanza, naongelea wachungaji wenyewe kati yao. Yule aliyewekewa mikono, yani amesimikwa rasmi kuwa mchungaji, na ana parokia, huyo hakuna mtu anambishia. Ila kuna stajiere anangoja kuwekewa mikono, kuna mwinjilisti ameshikilia chapeli miaka na miaka bila cheo, kuna mzee amestaafu, kuna mchungaji wa hospitali na wa gereza, kuna anayefundisha shule ya Biblia, na siku hizi kuna yule parokia yake ilibaki Masisi, kule watu walikimbia vita, bila mtu, yeye anasali na waumini wake kwenye veranda ya watu hapa mjini. Wote tunawaita pasta. Kwenye kura sasa?

Watu huanzia kwenye heshima, eti nani anastahili, nani amesoma teolojia, nani ni mkubwa wa nani. Mi naona hapo njo tunapotea. Ukitaka kulinganisha hizi njia vizuri uliza kitu kimoja tu: huyu mkubwa tunayemchagua, anaweza kuongeza au kupunguza wapiga kura wake mwenyewe? Juu kwenye komunote zetu nyingi, yani makanisa yetu ya kiprotestanti, mwakilishi wa sheria, yule mkubwa wa kanisa, njo anasaini afektasyo, yani barua za kupanga nani anaenda parokia gani, njo ana neno kubwa kuhusu nani awekewe mikono mwaka huu, na parokia mpya haifunguki bila yeye. Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja nitaipitisha kwenye hilo swali, na utaona kila moja ina mlango wake wa nyuma.

Na hakuna atakayetuamulia. Toka 1970 waprotestanti wa Kongo wako pamoja ndani ya ECC (Kanisa la Kristo Kongo) lakini kila komunote ilibaki na katiba yake, na sheria n° 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida inatuachia sisi wenyewe tuandike namna mkutano mkuu unavyofanya kazi. Kwa hiyo ukiandika vibaya, utabaki nayo.

Njia ya kwanza: kila aliyewekewa mikono ana kura

Hii ni rahisi kuelewa. Kura inatoka kwenye wito, si kwenye kiti. Ukiwekewa mikono uko ndani mpaka siku unazikwa, uwe na parokia uwe huna, uwe unafundisha, uwe umestaafu. Kwa Wapresbiteri wa Marekani, kwa mfano, mchungaji aliyeandikishwa kwenye presbiteri yake, yani baraza la makanisa ya eneo lake, ana sauti na kura hata kama amestaafu, halafu wao wanaongeza wazee wa kanisa ili hesabu isiegemee upande wa wachungaji.

Uzuri wake mkubwa, na hapa nitakaa kidogo, ni wastaafu. Mzee aliyestaafu hawezi kupewa mutasyo, yani kuhamishwa. Hakuna atakayemtoa mjini apelekwe mahali hakuna barabara juu alipiga kura vibaya. Watoto wake hawatahamishwa shule katikati ya mwaka. Ukiangalia ukumbi mzima, yeye njo mtu ambaye hana cha kuogopa, na tena anakumbuka ahadi za uchaguzi uliopita na wa kabla ya huo. Sasa makanisa mengi yanamtoa yeye kwanza! Wanamwambia pumzika papa, umefanya kazi, sasa uko na sauti ya kushauri. Niliona hii kwa macho kwenye mkutano mmoja: baji za njano zilikuwa za sauti ya kuamua, nyeupe za kushauri, vijana wa protokole wakaanza kugawa karatasi za kura safu kwa safu, walipofika kwa mzee mmoja aliyefungua parokia karibu nusu ya zile zilizokuwa ukumbini, kijana akaangalia baji, akaruka, akampa aliyekaa pembeni yake. Mzee alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Akairudisha. Hakusema kitu, ila wenye kukaa karibu waliangalia chini. Mi sielewi tunapata faida gani kufanya hivyo.

Ubaya sasa. Mlango wa nyuma wa hii njia ni kuwekea watu mikono karibu na uchaguzi. Miezi mitatu kabla ya mkutano, stajiere kumi na tano wanakuwa wachungaji kwa siku moja, wote wanajua nani amewafungulia, na wote wana kura. Hauhitaji kununua mtu. Na huwezi kuwalaumu wale vijana, wao wameitwa wakaenda. Dawa iko, nitaisema chini.

Ubaya wa pili ni kwamba waumini hawamo kabisa kama mkiacha wachungaji peke yao. Kanisa linauza kiwanja, linakopa, linafungua hospitali, na wanaoamua ni wale wanaolipwa na hizo sadaka. Hapana, hiyo mi siwezi kuitetea.

Njia ya pili: kura inafuata kiti

Hapa kura si ya mchungaji kama mtu, ni ya parokia. Mfano ulio wazi ni Walutheri wa Missouri Synod, kanisa lililoanzishwa 1847 kule Marekani. Kwenye mkutano wa wilaya kila parokia inatuma wawili, mchungaji wake mmoja na mlei mmoja (muumini asiye mchungaji), kila mtu kura moja. Mchungaji msaidizi, profesa wa seminari, mstaafu, yule ambaye bado hajapata mwito, wote hao ni wanachama wa kushauri. Wanaongea, hawapigi. Na sababu yao si dharau: wanasema kanisa la kweli liko kwenye kusanyiko la waumini, kwa hiyo mchungaji anapiga kura juu kuna kusanyiko lilimwita, likikosekana kusanyiko nyuma yake na kura inakosekana.

Naipenda hiyo hoja. Inazuia lile kundi la wachungaji wa ofisi ambao wako makao makuu, hawana muumini hata mmoja wa kuwauliza, ila kwenye kura wako wa kwanza. Na hesabu yake ni safi, parokia 70 ni kura 140, hakuna ubishi mlangoni.

Lakini iweke kwetu huku uone. Mlango wa kwanza wa nyuma: ukitaka kura zaidi unagawa parokia. Parokia moja ya watu elfu inakuwa tatu kabla ya uchaguzi, na wachungaji wawili wapya wanaweka deni moyoni. Parokia ya waumini 80 ina uzito sawa na ya 3000, kwa hiyo kugawa kunalipa sana.

Mlango wa pili njo unaniuma. Kivu ya Kaskazini watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Parokia nyingi za Masisi na Rutshuru zilihama na waumini wao, watu wakalala kwenye kambi za Bulengo, Kanyaruchinya, Rusayo, na mwanzoni mwa 2025 zile kambi nazo zikavunjwa. Na kabla ya vita kulikuwa na volkano ya Nyiragongo, 2002 lava ikapita katikati ya mji, tarehe 22 Mei 2021 ikameza nyumba za upande wa Buhene. Sasa parokia ambayo jengo halipo na waumini wametawanyika, ina kura ao haina? Ukisema haina, umemnyamazisha mchungaji aliyebeba kazi ngumu kuliko wote, na waumini wake ambao ndio wanahitaji sana mkutano uwasikie. Ukisema iko nayo bila masharti, utaona parokia hewa: jina kwenye karatasi, mchungaji anaishi mjini, mlei wake wa kura ni shemeji yake. Zote mbili zinaweza kutokea ndani ya kanisa moja. Walutheri wa Missouri hawakuandika sheria yao wakifikiria hii, sisi lazima tuifikirie.

Kwa hiyo kama mnachagua kiti, andikeni kabisa kwamba kusanyiko ni watu na si jengo: parokia iliyohama inabaki na kura kama waumini wake wanasali pamoja mahali panapojulikana, na mlei wao wamemchagua wao wenyewe, na orodha ya waliomchagua iko na sahihi.

Njia ya tatu: nusu kwa nusu, na wachungaji wana ngazi

Hii njo ya Wametodisti, na hatuhitaji kwenda mbali, Lubumbashi ni makao ya askofu wao wa Kusini mwa Kongo, kanisa lao Katanga lina zaidi ya miaka mia. Konferansi ya mwaka, yani mkutano wao wa eneo wa kila mwaka, iko na wachungaji na walei kwa hesabu sawa. Na kwa sababu wastaafu na wachungaji wa hospitali nao wanahesabiwa upande wa wachungaji, upande wa walei lazima uongezwe: viongozi wa walei wa wilaya, viongozi wa wamama na wa wababa, vijana wawili wawili kutoka kila wilaya. Yani usawa unalazimisha mama na kijana waingie ukumbini. Hiyo kwangu ni faida kubwa kuliko zote.

Halafu wachungaji wenyewe wamepangwa. Wazee na mashemasi, kwao hizo ni ngazi mbili za watumishi, waliowekewa mikono na kupokelewa kabisa kwenye konferansi wanapiga kura kwa kila jambo, isipokuwa kuchagua wajumbe walei. Na wao peke yao wana kikao chao kuhusu nani awekewe mikono, mwenendo wa mchungaji, nani anapokelewa, nani anatoka. Mlei haingii hapo, ila wale wachache walio kwenye bodi inayochunguza watumishi. Mchungaji wa mahali, yule ambaye ana leseni na anashika kanisa bila kuwekewa mikono, karibu sawa na mwinjilisti wetu, anapiga kwenye mambo mengi lakini hapigi kwenye marekebisho ya katiba wala kwenye mambo ya kuwekea watu mikono. Kuchagua wajumbe wa wachungaji kwenda konferansi kuu, yani mkutano wa kanisa lao lote, anaweza kama amemaliza masomo yaliyowekwa na ametumika miaka miwili mfululizo.

Mtu anaweza kusema hizi ngazi ni nyingi mno, watu watachanganyikiwa. Kweli, siku ya kura mnahitaji katibu anayejua kazi. Lakini angalieni kile kinachotendeka: mwinjilisti anayebeba chapeli ana kura kwenye bajeti, kwenye miradi, kwenye mipango, yani kwenye kila kitu kinachogusa kazi yake ya kila siku. Kwetu mwinjilisti huyo huyo anakusanya sadaka, anapeleka asilimia kwa wakubwa, anazika, anapatanisha ndoa, na siku ya mkutano yuko jikoni anasaidia wamama kupakua chakula. Kama kanisa linamwamini na roho za watu, mbona lishindwe kumwamini na karatasi ya kura?

Na ngazi zinaweza kuumiza pia, tusijifiche. Kwa Wametodisti wa Marekani wanawake walikubaliwa kuwekewa mikono toka 1924 lakini kama wachungaji wa mahali tu, bila kuingia kwenye konferansi, na hiyo maana yake hawakuwa na kura pale na hawakuwa na uhakika wa kupewa kanisa. Walingoja mpaka 1956 ndipo wakapewa haki zote. Miaka 32 mtu anabatiza, anahubiri, na hahesabiwi. Sasa makanisa yetu ambayo yameanza kuwekea wamama mikono, someni vizuri sheria zenu za ndani, juu unaweza kumpa mama joho na ukasahau kumpa kura, kipengele cha zamani kinasema "wachungaji wenye parokia" na parokia hapewi, anabaki wa idara ya wamama maisha yake yote.

Mlango wa nyuma wa nusu kwa nusu ni walei wenyewe. Nani anawachagua? Kama ni mchungaji anayeandika jina na kugonga muhuri, basi hamna nusu kwa nusu, kuna mchungaji mara mbili. Lazima parokia ipige kura yake kwanza, watu wote, na jina litangazwe Jumapili.

Njia ya nne: kura kwa nyumba

Waanglikana wanahesabu kwa nyumba tatu, maaskofu, wachungaji, walei, na kwa mambo mazito kila nyumba lazima ikubali peke yake. Mfano mashuhuri ni wa Uingereza, tarehe 20 Novemba 2012, walipopigia kura suala la wanawake kuwa maaskofu. Maaskofu walikubali 44 kwa 3, wachungaji 148 kwa 45, walei 132 kwa 74. Ukijumlisha zote ni wengi sana waliosema ndiyo. Ila ilitakiwa theluthi mbili kwenye kila nyumba na walei walipungukiwa kura 6, jambo lote likaanguka, wakangoja mpaka Julai 2014.

Kwa hiyo hii njia inalinda sana. Mkubwa akiongeza wachungaji 30 kwa ujanja, nyumba ya walei haijaguswa, bado inaweza kukataa. Kwa lile swali langu la mwanzo, hii njo inajibu vizuri kuliko zote. Lakini kwa kanisa dogo ni nzito, watu wachache kwenye nyumba moja wanaweza kufunga kanisa zima miaka miwili, na kwetu ambapo kufunga kidogo tu kunaleta kanisa kupasuka na watu kukimbilia kortini, mi ningeiweka kwa mambo matatu tu: kubadili katiba, kuuza mali isiyohamishika, na kuungana ao kutengana na kanisa lingine. Kwa uchaguzi wa kawaida hapana.

Wakatoliki najua mtaniuliza. Kwao papa anachaguliwa na makardinali ambao hawajafika miaka 80, tarehe 8 Mei 2025 walikuwa 133 ukumbini, Kardinali Ambongo wa Kinshasa akiwa mmoja wao, na inatakiwa theluthi mbili. Kwenye sinodi ya maaskofu ya Oktoba 2023 ndipo mara ya kwanza walei, pamoja na wanawake, walipiga kura. Ni njia ya kanisa lenye mpangilio mwingine kabisa, haichukuliki kipande ikapandikizwa kwetu, ila hiyo theluthi mbili inafaa kukumbukwa: mkubwa aliyepita kwa kura 51 kwa 49 anaanza kazi na nusu ya kanisa imenuna.

Sasa uchague nini

Kama kanisa lenu ni dogo, tuseme parokia chini ya kumi na tano, na wastaafu ni wawili watatu, njia ya kwanza mkiongeza mlei mmoja kwa kila parokia inatosha, msijisumbue na ngazi. Kama ni kanisa ambalo kila parokia inamwita na kumlipa mchungaji wake yenyewe, njia ya pili inaendana na mlivyo, mkiandika vizuri habari ya waliohama. Kama wachungaji wanatumwa na makao makuu, na wengi wetu njo tuko hivyo, mi nasema chukueni ya tatu, mkope ya nne kwa yale mambo matatu mazito, na wastaafu muwaache na kura zao. Najua kuna wanaoona wastaafu ni wengi watazidi. Basi wekeni sharti la kuhudhuria, mstaafu aliyefika mwenyewe anapiga, hakuna prokurasyo, yani barua ya kumpa mwingine akupigie kura.

Prokurasyo zenyewe ni hatari kuliko hata swali la nani ana kura. Toka mapigano ya Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, mjumbe wa Butembo ao Beni kufika Goma ikawa safari ya kuzungukia nchi zingine, kwa hiyo watu wakaona suluhisho ni kumwachia mwenzake barua. Mtu mmoja anaingia na barua sita mfukoni. Hapana. Afadhali mkutano ufanyike sehemu mbili kwa siku moja, kura zihesabiwe pale pale mbele ya watu, matokeo yasainiwe na kusomwa kwa simu ukumbi mzima ukisikia, kuliko barua ambazo hakuna anayejua zilisainiwa wapi.

Na zile dawa nilizoahidi. Orodha ya wapiga kura ifungwe miezi sita kabla, aliyewekewa mikono baada ya hapo na parokia iliyogawanywa baada ya hapo wanangoja uchaguzi unaofuata. Afektasyo zitangazwe kabla ya kura, zote, zikiwa na sahihi, na zisiguswe mpaka mwaka uishe. Hii watu wanaisahau kila mara, wanapigania sanduku la siri na pazia, vizuri, lakini katika jimbo la wachungaji kumi na wawili kura zikitoka 11 kwa 1 kila mtu anajua yule mmoja ni nani, siri haimsaidii, kinachomsaidia ni kujua kwamba Jumapili ijayo bado yuko parokiani kwake.

Kitu kimoja kimebaki, na kamati nyingi zinakiruka juu kinawagusa wenyewe. Wanaoandika hizi sheria karibu wote ni wagombea ao marafiki wa wagombea. Andikeni kwenye kipengele cha mwisho kwamba yeyote aliyekaa kwenye kamati ya kuandika hagombei kwenye uchaguzi wa kwanza unaofuata hizo sheria. Akikataa kusaini hapo, mtoeni kwenye kamati kabla hamjaenda kipengele cha kwanza.